Muulize Bibi Mkutubi: Mtunzi wa mauaji aliyewahakiki wauaji wenzake

Toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza kwa nini riwaya za uhalifu za Waingereza zimejaa watu wenye msongo wa mawazo, badala ya maiti nadhifu juu ya zulia. Nikamjibu kwa mkato kwamba lawama au shukrani, atakavyo, ampelekee Julian Symons. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zilizokuja zinatosha kuijaza safu nzima, basi na tuijaze. Ndefu nimezipunguza, na yule ndugu aliyeniletea kurasa na kurasa kuhusu Sherlock Holmes anivumilie hadi mwezi ujao.

Shikamoo Bibi. Huyo Symons ndiye nani? Mimi nawajua Agatha Christie na Conan Doyle, basi. Nieleze habari zake, lakini usinipe ile ya "alizaliwa, akasoma, akafa".
*Mjukuu wako asiyependa historia*

Marahaba, mjukuu wangu. Itabidi uvumilie, maana kwa mtu huyu utamu uko hukohuko kwenye kuzaliwa na kusoma.

Alizaliwa London tarehe 30 Mei 1912, baba yake akiwa Myahudi aliyehamia Uingereza kutoka Ulaya ya Mashariki. Utotoni alikuwa na kigugumizi, na kwa ajili hiyo akapelekwa shule ya watoto waliohesabiwa kuwa wazito wa akili. Mtu ambaye baadaye angewafundisha Waingereza namna ya kusoma aina nzima ya fasihi! Alipofika miaka 14 akaacha shule moja kwa moja. Akawa karani, mwandika hati mkato na mpiga taipu, akakaa kwenye kazi za namna hiyo miaka mingi huku akijisomesha mwenyewe usiku.

Usiiruke hiyo miaka ya ukarani. Ukifungua riwaya zake utawakuta watu haohao: wanaume wa meza ya pembeni ofisini, wanaosema "ndiyo, bwana" kutwa, wakirudi nyumbani wanasema "ndiyo, mpenzi", na katikati ya ndiyo mbili hizo kuna kitu kinachemka. Watunzi wengi wa wakati wake waliwajua makarani kwa kuwapita mlangoni. Yeye alikaa nao.

Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa ushairi. Mwaka 1937 alianzisha jarida dogo la mashairi, Twentieth Century Verse, akiwa bado kijana na bila cheti chochote cha kumtambulisha. Dylan Thomas alichapishwa humo, na Roy Fuller pia. Jarida lilikufa mwaka 1939, vita vilipoingia.

Kwenye vita hivyo hakutaka kwenda, na sababu yake haikuwa dini. Alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, aliyeelemea kwa Trotsky, yule mwanamapinduzi wa Urusi, akasema vita hivi ni vya mabepari na yeye hana hisa humo. Hoja yake haikupita. Mwaka 1942 akajikuta katika kikosi cha vifaru, na mwaka 1944 akaruhusiwa kuondoka kwa ajili ya mkono wake, mkono ambao hakuna adui aliyeugusa. Akapata kazi ya kuandika matangazo ya biashara. Hilo liweke kiporo, nitalirudia.

Riwaya yake ya kwanza ilizaliwa kwa mzaha. Kabla ya vita, katika utani na rafiki yake mshairi Ruthven Todd, aliandika hadithi ya upelelezi ya kuwacheka jamaa zao wa duru za sanaa za London, kisha mswada ukalala kwenye droo. Ulitoka mwaka 1945 kwa jina la The Immaterial Murder Case, na mwenyewe baadaye hakuupenda. Lakini ulimpa pesa kidogo na wazo.

Kilichomtoa ofisini ni urafiki. George Orwell alikuwa akiandika safu ya vitabu katika gazeti la Manchester Evening News. Alipoiacha, Symons akaipata kwa mapendekezo yake, na mwaka 1947 akaaga matangazo, akawa mwandishi wa kutwa. Alibaki hivyo hadi alipofariki tarehe 19 Novemba 1994 huko Kent, pwani ya kusini-mashariki. Katikati hapo, mwaka wa masomo wa 1975 hadi 1976, alialikwa kufundisha Amherst College, Marekani. Huyo ndiye mtoto aliyepelekwa shule ya wazito.

Bibi, je, ni ndugu wa Arthur Symons, mshairi tunayemsoma chuoni?
*Mwanafunzi wa fasihi*

Hapana. Kaka yake ni A.J.A. Symons, aliyemzidi miaka 12, mpenda divai na vitabu adimu, mtunzi wa The Quest for Corvo ya mwaka 1934. Hicho ni wasifu wa mwandishi ulioandikwa kwa njia ya upelelezi: mtafutaji anamfuata marehemu barua kwa barua, na wewe unaona anavyokwama. Kaka huyo alifariki mwaka 1941, na mwaka 1950 mdogo mtu akaandika maisha yake. Ukitaka kujua Julian alijifunzia wapi kwamba kumchunguza mtu kunasisimua kuliko kuchunguza alama za vidole, anza na kaka.

Mama, umesema Symons ndiye aliyebadilisha riwaya za uhalifu. Mtu mmoja? Na kosa la riwaya za zamani lilikuwa nini? Mimi napenda fumbo. Napenda nikifika mwisho nipigwe na butwaa.
*Mpenzi wa fumbo*

Mwanangu, hakuzibadilisha peke yake. Alichofanya ni kusema kwa sauti mabadiliko yalikuwa yanakwenda wapi, na kuwaudhi watu wengi alipokuwa akisema.

Kitabu chenyewe ni Bloody Murder, kilichotoka mwaka 1972, akakitengeneza upya mwaka 1985 na tena mwaka 1992. Ni historia ya aina hii ya fasihi kuanzia Edgar Allan Poe hadi siku zake, na hoja yake unaweza kuieleza ukiwa umesimama kwenye foleni. Zamani kulikuwa na hadithi ya upelelezi, ambayo kiini chake ni fumbo. Sasa iko riwaya ya uhalifu, ambayo kiini chake ni mtu. Ya kwanza inauliza nani kaua. Ya pili mara nyingi inakuonyesha muuaji mapema, halafu inauliza imekuwaje huyu bwana anayefunga tai na kulipa bili zake akafika pale.

Ili uelewe alikuwa akipigana na nini, mkumbuke Ronald Knox. Alikuwa padri, mtunzi wa hadithi za upelelezi, na mwaka 1929 alitoa amri kumi za fani hii. Muuaji atajwe mapema. Sumu isiyojulikana na sayansi marufuku. Njia ya siri isizidi moja kwa nyumba. Pacha wasitokezwe ghafla bila msomaji kuandaliwa. Knox alikuwa akitania kidogo, lakini wengi walizishika kama sheria za mchezo, na mchezo ndilo neno lenyewe: mwandishi upande huu, msomaji upande ule, na maiti katikati kama mpira.

Sasa Symons akauliza swali la kikatili. Ikiwa maiti ni mpira, nani atamlilia?

Aliieleza pia hali ya jamii iliyozaa mchezo ule, na hapo ndipo mimi mkutubi namheshimu zaidi. Hakusema tu "vitabu hivi vibaya". Alionyesha kwamba wasomaji wa kati ya vita viwili walikuwa watu wa tabaka la kati, wanaoazima riwaya kwenye maktaba za kukodisha kama ile iliyokuwa ndani ya maduka ya dawa ya Boots. Huko nje kulikuwa na migomo na ukosefu wa kazi. Ndani ya kitabu kulikuwa na kijiji chenye mchungaji, daktari, kanali mstaafu na mtumishi anayejua mahali pake. Mauaji yanavuruga mpangilio, mpelelezi anaurudisha, na ukurasa wa mwisho kila mtu yuko palepale isipokuwa aliyenyongwa. Baada ya vita vya pili kuiamini picha hiyo kulikuwa kazi ngumu. Symons alikuwa ameandika historia ya mgomo mkuu wa Uingereza wa mwaka 1926, hivyo alijua nini kilikuwa nje ya dirisha la kanali.

Aliowasifu walikuwa wale waliofungua dirisha. Dashiell Hammett, hasa The Glass Key ya mwaka 1931. Georges Simenon. Patricia Highsmith, ambaye alimpigania wakati wahakiki wengi Waingereza hawakujua wamweke rafu gani. Na Francis Iles, ambaye katika Malice Aforethought, nayo ya mwaka 1931, anakwambia tangu mwanzo kabisa kwamba daktari ameamua kumuua mkewe. Fumbo limekufa ukurasa wa kwanza, na huwezi kukiweka kitabu chini.

Sasa, alikosea? Kwa maoni yangu, ndiyo, mahali pawili. Pa pili patakuja kwenye barua inayofuata. Pa kwanza ni hapa: waandishi kama Freeman Wills Crofts na John Rhode aliwatia wote kapu moja na kuwaita Humdrums, wachoshaji, na jina limewaganda mpaka leo. Crofts alikuwa mhandisi wa reli. Inspekta wake anapokagua ratiba ya treni, kituo hadi kituo, ili avunje kisingizio cha mtu aliyedai alikuwa mji mwingine, mimi hukaa wima kitini. Symons alisema ndani ya treni zile hamna binadamu. Kweli, hamna. Lakini kuna akili ya mtu anayependa kazi yake, na hilo nalo ni furaha ya kusoma. Hivyo endelea kupigwa butwaa bila aibu yoyote.

Bibi mwenzangu, hongera na safu. Ila huyo Symons wako alimkosea adabu Dorothy L. Sayers. Nimefundisha maisha yangu yote, na Gaudy Night ndicho kitabu pekee cha upelelezi kilichowahi kunieleza mwanamke anayechagua kati ya kazi ya akili na ndoa. Anasemaje?
*Mwalimu mstaafu*

Mwalimu, alisema Sayers ana maneno mengi na kwamba Lord Peter Wimsey, mpelelezi wake mwenye cheo na mtumishi wa kumfungia vifungo, ni maringo matupu. Kuhusu Wimsey wa vitabu vya mwanzo, kuanzia Whose Body? ya mwaka 1923, mimi niko upande wake. Bwana yule ananichosha kabla hajavua kofia.

Kuhusu Gaudy Night niko upande wako, na ndipo pale pa pili nilipoahidi. Kitabu hicho cha mwaka 1935 hakina hata maiti. Kina chuo cha wanawake Oxford, barua chafu zinazotumwa gizani, na Harriet Vane, mhusika wake mkuu, akijiuliza maswali ambayo Symons mwenyewe alidai riwaya ya uhalifu iyaulize: mtu huyu ni nani, anataka nini, na kitamgharimu nini. Ajabu ni kwamba mtu aliyekuwa anaitafuta riwaya inayoweka tabia mbele ya fumbo aliipita hii bila kuitambua. Nadhani maringo ya Wimsey yalimziba macho. Karani aliyeacha shule akiwa na miaka 14 asingemwonea huruma kirahisi mwana wa lodi, na simlaumu sana.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Sayers naye alikuwa mtunzi na mhakiki. Kati ya mwaka 1933 na 1935 alihakiki riwaya za uhalifu katika Sunday Times, gazeti lilelile ambalo Symons alikuja kulihakikia baadaye. Wamekalia kiti kimoja, na Sayers naye hakuwa mpole.

Habari za kazi, Bibi. Mimi ni mwandishi wa habari, na sikulala vizuri baada ya kusoma ulichoandika. Mtu anaandika riwaya, na papo hapo anahakiki riwaya za washindani wake gazetini? Huku kwetu kwenye chumba cha habari angeitwa ofisini.
*Mwandishi wa habari*

Nzuri, mwanangu. Ngoja nikupe tarehe, upate kukosa usingizi sawasawa. Chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu wa Uingereza kilianzishwa mwaka 1953 kwa juhudi za John Creasey, na Symons alikuwa miongoni mwa waasisi. Tuzo ya chama hicho kwa mwaka 1957 ilikwenda kwa Symons, kwa riwaya The Colour of Murder. Mwaka 1958 akawa mwenyekiti wa chama. Na miaka hiyohiyo akawa mhakiki wa riwaya za uhalifu wa Sunday Times.

Ungemwita ofisini, sivyo?

Lakini angalia pia upande huu. Fani ilikuwa ndogo, na wanaoijua vya kutosha kuihakiki walikuwa haohao wanaoiandika. Aliyeshika kazi ile Sunday Times baada ya Symons alikuwa Edmund Crispin, mtunzi. H.R.F. Keating, mtunzi wa Inspekta Ghote wa Bombay, alihakiki katika The Times. Kipimo changu mimi ni kimoja: je, alisema baya juu ya mtu ambaye angekutana naye mezani? Symons alisema, mara nyingi, kwa jina. Watu waliokuwa wakila naye chakula cha jioni walifungua gazeti Jumapili kwa kusitasita.

Kuhusu meza hiyo nina kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kuna Detection Club, klabu ya watunzi wa upelelezi iliyoanza karibu mwaka 1930, G.K. Chesterton akiwa rais wa kwanza. Mwanachama mpya huapishwa mbele ya fuvu la kichwa waliloliita Eric. Anaahidi kwamba wapelelezi wake watatatua kesi kwa akili zao wenyewe, bila ufunuo wa Mungu, bila hisia za kike (wao ndio waliosema, si mimi), bila mazingaombwe wala sadfa. Ni hekalu la fumbo, kwa ufupi. Rais wa tatu alikuwa Sayers, na wa nne Agatha Christie. Christie alipofariki mwaka 1976, wanachama wakaketi kuchagua atakayerithi kiti. Wakamchagua Julian Symons, yule aliyekuwa amechapisha miaka minne kabla kitabu kinachosema fumbo limekwisha zama zake. Akaongoza hadi mwaka 1985, akamwachia Keating.

Huko siwezi kukuita mgongano wa maslahi. Naita wazee wenye uungwana na ucheshi, kila upande.

Bibi, mbali na mauaji aliandika nini?
*Msomaji mvivu*

Mengi. Wasifu wa Dickens, wa Carlyle, wa Poe. Wewe, kwa kuwa ni mvivu, chukua ule wa Horatio Bottomley wa mwaka 1955. Bottomley alikuwa mbunge, mwenye gazeti la John Bull, mzalendo wa kupiga kelele majukwaani wakati wa vita vya kwanza, akawauzia watu wadogo dhamana za ushindi na pesa zikapotelea kwake. Mwaka 1922 alifungwa miaka saba. Hamna damu hata tone, lakini ukisoma utaona Symons anamwangalia tapeli kwa jicho lilelile analomwangalia muuaji: hana haraka ya kumhukumu, anataka kujua alijidanganyaje yeye kwanza.

Shikamoo Bibi Mkutubi. Nimeshawishika. Nianze na kipi?
*Mwenye nafasi ya kitabu kimoja*

Marahaba. Kimoja ni uchoyo, lakini haya.

Usianze na vile vitatu vya mwanzo vyenye Inspekta Bland, isipokuwa uwe mgonjwa wa vitabu kama mimi, hapo tafuta Bland Beginning ya mwaka 1949. Kiini chake kimechotwa kwenye kashfa ya kweli ya Thomas J. Wise, mkusanyaji vitabu aliyeheshimiwa mno, ambaye mwaka 1934 wachunguzi wawili waliumbua matoleo ya kughushi yaliyopitia mikononi mwake kwa kupima karatasi na herufi za chapa. Kwa mkutubi hiyo ni hadithi ya kutisha kuliko mapanga.

The 31st of February, ya mwaka 1950, ndipo Symons anapokuwa Symons. Na hapa ule ukumbusho wa matangazo niliouweka kiporo. Anderson anafanya kazi kwenye kampuni ya matangazo. Mkewe ameanguka kwenye ngazi za ghala la chini akafa. Ajali? Inspekta mmoja haamini, na anaanza kumbana polepole, huku kalenda ya mezani kwa Anderson ikimchezea tarehe. Kinachotisha zaidi ya inspekta ni ofisi yenyewe: watu wazima wakijadili bidhaa kwa uzito wa baraza la mawaziri. Aliyeyaandika hayo aliyakalia vikao.

The Colour of Murder ndicho kilichopata tuzo. John Wilkins yuko idara ya malalamiko ya duka kubwa. Mkewe anataka kupanda ngazi za jamii, yeye anampenda msichana anayefanya kazi maktaba. (Ndiyo, mkutubi. Mnatuona tumekaa kimya kaunta, hamjui tunavyowachafua watu vichwa.) Wilkins ana tabia ya kupotewa na kumbukumbu akinywa. Nusu ya kwanza ni maelezo yake mwenyewe kwa daktari wa magonjwa ya akili, na unasoma ukijua kuna mtu atakufa lakini hujui nani. Nusu ya pili ni mahakama. Nilipokuwa kazini kilirudi kaunta siku moja na maandishi ya penseli pembezoni mwa ukurasa wa mwisho: "Kwa hiyo?" Msomaji huyo alikuwa amekielewa barabara. Symons hakupi uhakika unaokutoa kitini ukiwa umeshiba. Mahakama imesema neno lake, na wewe bado una lako.

The Progress of a Crime, ya mwaka 1960, ilimpa tuzo ya Edgar ya Wamarekani. Mwandishi kijana wa gazeti la mkoani anaona mauaji usiku wa fataki za tarehe 5 Novemba, na kundi la vijana linakamatwa. Huyo ndugu yetu wa chumba cha habari akisome hicho, hasa jinsi gazeti kubwa la London linavyoingia mjini na jinsi polisi wanavyopata maungamo. Ni kikavu, na ukavu wake ndio nguvu yake.

Nimependa pia Sweet Adelaide ya mwaka 1980, iliyojengwa juu ya kesi ya kweli ya Adelaide Bartlett wa Pimlico. Mwaka 1886 alishtakiwa kumuua mumewe kwa klorofomu iliyokutwa tumboni bila kuunguza koo, na akaachiwa. Inasemekana daktari mmoja mashuhuri, Sir James Paget, alisema sasa kwa kuwa ameachiwa, kwa faida ya sayansi atuambie alifanyaje. Lakini uzeeni aliandika mno kuhusu enzi ya Malkia Victoria, na si vyote vina joto hili.

Hivyo, kimoja: The Man Who Killed Himself, ya mwaka 1967. Arthur Brownjohn ni mume mpole anayetawaliwa na mkewe Clare. Anajitengenezea mtu wa pili, Meja Easonby Mellon, mwenye sauti nzito na mambo ya wanawake, kisha anafikiri: kama meja atamuua Clare, polisi watamtafuta meja, na meja hayupo duniani. Ni kichekesho, na kicheko kinakukwama kooni taratibu. Kila alichokidai katika Bloody Murder kimo humu, na alikiandika miaka mitano kabla. Usisome maelezo ya nyuma ya jalada.

Bibi, naandika riwaya ya uhalifu. Nina mpelelezi wangu, anapendwa na wote waliosoma mswada. Rafiki yangu anasema nimtoe kwa sababu anaimeza hadithi. Symons angesema nini?
*Mwandishi chipukizi*

Angesema mtoe, na tunajua kwa sababu alimtoa wake. Bland alikaa kwenye vitabu vitatu, kisha Symons akamwacha. Mpelelezi wa kudumu hawezi kufa, hawezi kubadilika sana, na hawezi kuwa muuaji, kwa hiyo tangu ukurasa wa kwanza kuna mtu mmoja chumbani ambaye msomaji hamwogopi na hamwogopei. Kwa mtu aliyetaka kila mhusika awe na uwezekano wa kuanguka, huyo ni mzigo.

Ila usimfanye Symons kuwa padri Knox mwingine. Mwaka 1975 alirudi kwenye mchezo uleule kwa mlango wa nyuma: A Three-Pipe Problem inamhusu Sheridan Haynes, mwigizaji anayecheza Sherlock Holmes kwenye televisheni, ambaye anaanza kuamini kwamba anaweza kufanya kazi ya Holmes mitaani London. Anapendeza na anachekesha, na Symons alimpenda kiasi cha kumrudisha tena katika kitabu kingine. Tofauti ni kwamba Haynes anaweza kuaibika. Anaweza kukosea hadharani, mke akamwona, watu wakamcheka.

Basi mjaribu mpelelezi wako hapo. Mwandikie ukurasa mmoja ambamo anafedheheka kweli, si kwa hila za adui bali kwa tabia yake mwenyewe. Ukiweza, abaki. Ukishindwa, au ukiona unamhurumia hata kalamu inakataa, rafiki yako amesema kweli.

Nitumie sura ya kwanza niione. Ya mwisho kaa nayo.